Mwingereza anahama na kiu yake, pabu inabaki kwao: niliyoyaona kaunta za Yorkshire na Perth

Mzaramo wa Perth

Wakuu, habari za wikiendi.

Leo tuwaongelee Waingereza na pabu zao, yaani zile baa zao za mtaani. Nilimimina bia miaka kadhaa kwenye pabu ya kijiji kimoja cha Yorkshire, na sasa nasimama kaunta huku Perth, Australia Magharibi, vitongoji vya kaskazini ambako Waingereza wamejaa mpaka ukiingia supamaketi unaweza kudhani uko Leeds, tofauti ni jua tu. Jioni wanakuja, wanakunywa, wanalalamika. Bia ya baridi mno. Bei. Televisheni kila ukuta. Wakikutana wengi kidogo, wimbo ni mmoja: nchi hii haina pabu.

Na baa yenyewe ina painti, ile glasi yao kubwa ya bia, ina samaki na chipsi, ina hadi picha ya basi jekundu ukutani. Sasa kimepungua nini? Nimewasikiliza muda mrefu na jibu langu ni hili: bia wangeizoea. Walichokosa ni mahali pa kwenda bila kualikwa na mtu.

Tuanze na kwao. Mwingereza si mtu wa kukukaribisha nyumbani. Mnaweza kufanya kazi meza moja miaka na usijue mlango wake una rangi gani. Sisi mtu akipita saa nane mchana anaambiwa karibu, maji yanaletwa, chakula kikiwepo mnanawa. Kwake kupita bila kupiga simu ni usumbufu. Hao watu wanaonana wapi? Pabu. Unatembea kwa miguu dakika chache, unaingia peke yako saa 11 jioni, hujaahidiana na yeyote, unasimama kaunta na muda si muda kuna anayekuuliza mvua itaacha lini. Ukitaka kukaa kimya na gazeti, mbwa wako kalala miguuni, hakuna atakayekuuliza una tatizo gani. Kukaa peke yako pale si aibu. Jaribu kukaa peke yako meza ya baa ya Sinza uone watu watakavyokusoma.

Kaunta ndiyo inayofanya kazi yote hiyo. Pabu ya asili haina baamedi wa kukufuata mezani. Ukikaa kusubiri utakaa na kiu yako hadi wafunge. Unaenda mwenyewe, unaagiza, unalipa papo hapo, unabeba. Foleni huioni lakini ipo: kila mtu anajua nani alifika kabla yake, na mhudumu anajua pia. Ukipunga noti hewani utahudumiwa wa mwisho. Na mtu akiulizwa kabla ya zamu yake anasema, "huyu bwana alinitangulia." Hapo mmeshaongea tayari. Baada ya Corona baadhi ya pabu zimeanza watu kupanga mstari mmoja kama wa benki, na wazee wamechukia kwelikweli. Mimi nawaelewa. Kwenye mstari unaangalia kisogo cha mtu.

Bia nayo ina mambo yake. Ile ya asili, ya pipa, haisukumwi na gesi. Inamalizia kuchachuka ndani ya pipa lenyewe kwenye stoo ya chini, nyuzi joto 11 hadi 13, na unaivuta kwa nguvu za mkono, mpini unaurudisha mara mbili au tatu mpaka painti ijae, mililita 568. Yorkshire tunafunga kifuniko kidogo cha plastiki chenye matundu mdomoni mwa bomba ili povu litoke zito, na mteja anaiacha ikae, ile mawingumawingu ishuke, ndipo anyanyue. Povu likizidi anairudisha bila kusema neno, unamwongezea. Pipa ukishalifungua una siku tatu hivi, halafu linaanza kwenda kwenye siki. Maana yake bila wateja wa kila siku pipa linakuharibikia. Mwaka 1971 Waingereza wanne waliokuwa likizo Ireland waliunda chama cha kuitetea bia hii, CAMRA, na mpaka leo kina nguvu. Watu wanacheka, bia ya kutetewa na chama! Lakini bia hiyo inahitaji majirani. Huwezi kuihamishia mahali ambapo watu wanakuja Ijumaa peke yake.

Sasa Australia. Baada ya vita ya pili serikali ya hapa ilitaka wahamiaji kutoka Uingereza, weupe tuseme ukweli maana sera ilikuwa hiyo, na mtu mzima alilipa pauni 10 tu kwa safari nzima ya meli, watoto bure, kwa sharti ukae miaka 2 au ulipe nauli kamili. Walikuja zaidi ya milioni moja. Fikiria fundi wa Manchester anashuka Melbourne miaka ya 50, anatoka kazini saa 11, anauliza pabu iko wapi, anaambiwa kimbia, zinafungwa saa 12. Sheria hiyo ilikuwa ya wakati wa vita ya kwanza, 1916, ikasahaulika hapohapo: Sydney hadi 1955, Melbourne hadi 1966, Adelaide hadi 1967. Lisaa limoja la kunywa. Wenye baa wakatoa viti na meza wapate nafasi ya kusimama watu, wakabandika vigae ukutani kama bafuni ili waoshe kwa maji baada ya kufunga, na wahudumu wakawa wanajaza glasi kwa mpira wenye bastola mdomoni, anapita nao kaunta nzima anajaza tu. Mkoa wangu huu wa Magharibi haukufika huko, wenyewe walikuwa wanafunga saa 3 usiku.

Na wanawake? Kaunta ya wanaume hawakanyagi, wana chumba chao pembeni na bei juu. Mwaka 1965 kule Brisbane Merle Thornton na mwenzake walijifunga kwa mnyororo kwenye bomba la miguuni la kaunta ya Regatta Hotel wakidai wauziwe bia. Sheria ya Queensland ilibadilika 1970.

Hayo yamepita. Tatizo la leo ni barabara. Mitaa ya huku imejengwa kwa ajili ya gari. Pabu, ambayo wenyewe wanaiita hoteli, ni jengo kubwa lenye maegesho kama ya uwanja wa mpira. Kiwango cha pombe kwenye damu kwa dereva ni asilimia 0.05 wakati England na Wales ni 0.08, na polisi wa huku wanafunga barabara yoyote saa yoyote kila mtu apulize kipimo. Kwa hiyo mtu anakunywa moja, anaangalia funguo zake, anaondoka. Mazungumzo ya pabu yanaanza kwenye ya pili.

Mwaustralia mwenyewe hana shida, yeye maisha yake yako uani kwake, jiko la kuchomea nyama linawaka, anakualika Jumamosi. Hapo ndipo Mwingereza anapokwama. Kualikwa maana yake na yeye ualike. Nina mzee mmoja, fundi bomba mstaafu, kila Alhamisi anakuja anasimama kona ya kaunta, viti vyote viko wazi. Anaegemea mkono wa kushoto, mgongo kidogo kwa ukuta ili aone mlango. Nilimwambia kaa mzee wangu. Akasema nikikaa nani atajua kwamba naongeleka?

Naomba kuwasilisha. Walioko pande nyingine leteni za kwenu.

Kibonge wa Tabata

Uzi mzuri mkuu. Ila hujagusa raundi. Nasikia wazungu kila mtu na bili yake, hata mke na mume?

Mzaramo wa Perth

Hapana kaka, hao ni wengine. Mwingereza pabu hajitengi, anazungusha raundi, na ni sheria ngumu kuliko za barabarani.

Mko wanne: wa kwanza ananunua nne, mkikaribia kumaliza wa pili anasimama bila kuambiwa, mpaka wote wanne mmezunguka. Si sawa na ofa yetu. Kwetu mwenye hela siku hiyo ndiye anayetoa, wengine wanakunywa na kumsifia, na keshokutwa akiamka hana, anapiga mizinga kwa walewale. Hakuna anayehesabu. Mwingereza anahesabu kila kitu kichwani huku uso unasema hahesabu. Aliyekunywa tatu za wenzake akakumbuka kwamba mkewe anamsubiri, jina lake limeharibika kijiji kizima, na hakuna atakayemwambia.

Kitu wengi hawajui: raundi iliwahi kupigwa marufuku. Mwaka 1915, vita ya kwanza, serikali iliona wafanyakazi wa viwanda vya silaha wanalewa kwa sababu mkiwa watano lazima mnywe tano. Ikakatazwa kumnunulia mtu mwingine kinywaji. Kila mtu anunue chake na alipe mwenyewe.

Huku Australia raundi ipo, wanaiita "shout", na Waingereza wanaielewa upesi. Kinachowachanganya ni glasi. Hapa Perth painti ni mililita 570, sawa na ya kwao. Nenda Adelaide, agiza painti, unaletewa mililita 425. Nimeona watu wazima wanakaribia kulia.

Baharia 254

Mimi niko Dubai, nimekuwa weita kwa hoteli miaka kadhaa, na kila siku nawahudumia hao Waingereza. Huku pabu karibu zote ziko ndani ya hoteli. Unapita kwa mlinzi, unapita kwa lifti, unapita duka la dhahabu, ndio unafika kwa mlango wa mbao umeandikwa jina la Kiingereza cha zamani. Hakuna mtu anaingia hapo kwa bahati mbaya akitoka kazini na viatu vya matope.

Na hawasimami kaunta. Wanakaa, wanainua kidole, naenda. Mwanzoni wale wametoka Uingereza juzi wanakuja wenyewe kaunta, wanasema pole, wanabeba glasi nne kwa mikono miwili. Baada ya miezi sita huyo huyo ananipigia vidole. Sio wote bana, lakini wengi.

Kitu chao kikubwa ni ile "brunch" ya wikendi: unalipa bei moja, unakula na kunywa bila kuhesabu, kwa muda wa masaa matatu au manne. Ilikuwa Ijumaa, tangu nchi ihamishe wikendi Januari 2022 imekuwa zaidi Jumamosi. Hapo raundi imekufa kabisa, kila mtu ashalipa. Nimeona marafiki wanakaa meza moja kila mtu na simu yake, kwa sababu hakuna anayedaiwa kusimama. Bei za kawaida nazo zinatisha. Ushuru wa pombe wa asilimia 30 uliondolewa Januari 2023, ukarudi Januari 2025.

Mzaramo wa Perth

Baharia, hiyo ya "hakuna anayedaiwa kusimama" nimeikubali, na ningeiweka kwenye uzi kama ningeiwaza mimi.

Mkazi wa Fuengirola

Wadau, huku Costa del Sol, pwani ya Hispania, mambo ni tofauti kidogo. Waingereza wastaafu wamefungua baa zao wenyewe, asubuhi kifungua kinywa cha mayai, soseji na maharage, mchana mpira, jioni maswali na majibu kwa timu. Bia ya Uingereza, ada ya satelaiti ya Uingereza, hadi chipsi za paketi. Kwa hiyo mkuu, mahali pa kwenda bila kualikwa wanapo.

Ila angalia wanachokosa upande wa pili wa barabara. Mhispania anaagiza "caña", kibia kidogo cha mililita 200 hivi, anakimaliza kabla hakijapata joto, analipa mwishoni kabisa, na kuna kitu cha kutafuna kila mara. Ukienda Granada kila kinywaji kinakuja na sahani ndogo ya chakula bila malipo. Watoto wanakimbia katikati ya meza saa 5 usiku, bibi yuko hapo, hakuna mlevi. Mwingereza anaona glasi ile anacheka, anaagiza kubwa, inapata moto juani, halafu analaumu bia. Nimekaa jirani nao, kuna walioishi hapa tangu mimi sijaja na hawajawahi kukaa meza ya Mhispania.

Mwana wa Kirinyaga

Mnasahau kuna Waingereza waliohamia kwetu kabla ya hao wa pauni 10. Na hao hawakujenga pabu, walijenga klabu. Ile ya Muthaiga, Nairobi, ilifunguliwa mkesha wa mwaka mpya 1913. Kuingia lazima uwe mwanachama, upendekezwe, upigiwe kura, na Mwafrika aliingia kama mpishi au mhudumu. Hela mkononi haikutumika, unasaini karatasi na bili inakuja mwisho wa mwezi. Yaani mtu ambaye kwao angekaa chumba kimoja na mchimba makaa, amefika Kenya anataka mlango unaochagua. Sasa unaposema anakosa mahali pa kwenda bila kualikwa, hapa alipojipangia mwenyewe alichagua kualikana.

Bia walituachia, hiyo nakubali. Kenya Breweries ilianzishwa 1922 na ndugu wawili wa ukoo wa Hurst, mmoja akauawa na ndovu mwaka uliofuata, ndio maana Tusker ina ndovu. Na lile swali la kila baa, "moto ama baridi?", Mwingereza mgeni hulipenda sana, mpaka aletewe ya moto ya Kisumu saa nane mchana.

Mswahili wa Birmingham

Nakazia hapo kwa Mwana wa Kirinyaga. Hata kwao kwenyewe huo "mlango wazi" una historia. Smethwick, karibu na ninapoishi, kulikuwa na pabu ambazo mtu mweusi au Mhindi haruhusiwi kukaa chumba cha ndani. Malcolm X, yule mtetezi wa haki za weusi wa Marekani, alikuja Februari 1965, siku chache kabla hajauawa, chama cha wafanyakazi wa Kihindi kikampeleka akajionee. Sheria ya kukataza ubaguzi sehemu za umma, pabu zikiwemo, ilipitishwa mwaka huohuo. Halafu pabu zilipoanza kuwashinda wenyewe, Wapunjabi wakazichukua. Leo ukitaka pabu iliyojaa saa 12 jioni eneo hili, nenda za hao: painti ya bia ya pipa upande huu, sinia la chuma la nyama ya kuchoma linalolia mafuta upande ule, wazee wa Kizungu na wa Kipunjabi kaunta moja.

Na jamaa wa Perth, hao wateja wako wanaililia pabu ambayo hata wakirudi hawataikuta. Mwaka 2000 zilikuwa zaidi ya 60,000, sasa ziko kama 45,000. Bia ya supamaketi rahisi, kodi ya pango juu, sigara zikatolewa ndani Julai 2007. Kijiji kingi pabu imekuwa nyumba ya mtu.

Mzaramo wa Perth

Mswahili wa Birmingham, takwimu zako sibishani nazo, na ile ya Smethwick lazima niikubali: "bila kualikwa" ilikuwa ya wengine. Mimi mwenyewe wiki ya kwanza kijijini niliingia upande wa mteja, mazungumzo yakakatika yote, mpaka mwenye pabu aliposema huyu ndiye kijana mpya wa kaunta. Nilihitaji kazi ili niwe na sababu ya kuwa pale.

Sababu nyingine ya pabu kufa ambayo haitajwi sana ni ya 1989. Serikali iliona viwanda vya bia vinamiliki pabu nyingi mno, ikavilazimisha viachie. Ikadhaniwa zitaenda kwa watu binafsi. Zikanunuliwa na makampuni ya majengo yenye madeni, na mwenye pabu akabaki palepale, anapangishiwa jengo na bado analazimishwa kununua bia kwao kwa bei yao.

Kirinyaga, hoja ya klabu ni nzito. Nitajibu hivi tu: klabu waliijenga wenye nacho, ambao hata kwao London walikuwa na klabu zao. Aliyelipa pauni 10 hakuwa wa Muthaiga.

Wete Kwetu

Asalaam aleikum. Mimi sinywi na sitegemei kunywa, ila nimesoma mpaka mwisho. Mtoto wa dada yangu anasoma Leicester, anasema wenzake wa chuo kila kitu wanakipanga pabu, hata kazi za vikundi. Anaingiaje huko asile haramu na asionekane anajitenga? Na hiyo raundi, atalipia pombe za watu?

Mzaramo wa Perth

Waaleikum salaam shekhe. Suala la kukaa penye pombe aulize wanaojua dini, mimi si wa kujibu hilo. La desturi naweza.

Ajitoe kwenye raundi mwanzoni kabisa, kabla mtu hajanyanyuka: "mimi niko nje ya raundi, najinunulia." Likisemwa mapema hakuna anayekasirika, likisemwa baada ya kunywewa soda mbili za watu ni kosa. Aende kaunta aagize maji ya soda na ndimu, ni rahisi na haiulizwi maswali. Kahawa pabu nyingi wanauza. Chakula aangalie, maana vile vitafunwa vya kaunta vyenye rangi ya dhahabu kwenye paketi mara nyingi ni ngozi ya nguruwe iliyokaangwa. Siku ya maswali na majibu aende bila kukosa, timu zinamgombania anayejua ramani ya Afrika.

Kibonge wa Tabata

Sasa huko Perth painti ni shilingi ngapi tujue kama tuhame au tubaki na ya moto yetu?

Mzaramo wa Perth

Dola 13 za huku na kuendelea, Kibonge. Zidisha mwenyewe, na ukae chini kwanza.